Kichupa Kisicho na Jina

Saa tisa na robo ya usiku, maabara ya hospitali, Ibra,
kinanifikia kichupa cha kifuniko cha zambarau.
Bado kina joto la mkono wa mtu,
na ubavuni mwake hakuna hata herufi.

"Ni ya bibi wa kitanda cha nne," anasema nesi Lijimol.
"Nimeitoa mwenyewe. Naijua."
Damu haijuliwi kwa uso, nikamwambia.
Nikakigeuza mara nane, polepole, kwa mazoea tu,
kama anayembembeleza mtoto wa mwenziwe,
kisha nikakitupa kwenye ndoo ya njano.

Wodi ina Shinuna wawili usiku huu.
Wote binti Hamdun, wote, kadi zinadai,
wamezaliwa tarehe mosi Januari,
siku waliyogawiwa kila ambao mama zao
walihesabu kwa mavuno, si kwa kalenda.
Mmoja damu inamtosha. Mwingine inamwishia,
anangoja mfuko kutoka benki.
Kati yao pana pazia, na tarakimu nane.

Nikapanda mwenyewe na sindano.
Sikumuuliza, "Wewe ndiye Shinuna?"
Mgonjwa saa hizo hukubali lolote;
mwite Maryamu, ataitika labeka.
Nikamuuliza kwa Kiarabu: jina lako nani?
Akaukazia macho uso wangu, akajibu kwa Kiswahili:
"Lipi, mwanangu? La kadi, au la Wete?"

Wete alikuwa Mchanga,
alizaliwa mdogo hakudhaniwa kuishi.
"Huku mchanga tele," akacheka, "wakanipa Shinuna."

La kadi, bibi.
Akalitaja lote, baba, babu, hadi kabila,
kidole changu kikimfuata kwenye utepe wa mkono.
Mshipa ulinikimbia mara mbili.
"Ile ya mwanzo mmeipeleka wapi?"
Nimeitupa.
"Damu yangu?"
Sikujua kama ni yako.
Akanyamaza. Kisha, kama anayezungumza na dari:
"Na mimi siku niliyofika huku walinishika hivyo hivyo.
Huyu wa nani? Nimekaa kwenye benchi hadi magharibi."

Nikabandika lebo pale pale kitandani,
jina, namba, saa, na saini yangu.

Chini, tone moja juu ya kioo.
Kioo cha pili nikakiinamisha, nikasukuma mara moja, bila kusita,
hadi ncha ikachanuka kama unyoya.
Rangi. Dakika. Maji. Kukausha.
Na ndani ya hadubini, katikati ya zile za mviringo,
chache zimejikunja mundu,
mundu hasa, wa kukatia majani ya mbuzi
kwenye mashamba yaliyo nyuma ya hospitali hii.
Umri wote huo, hakuna aliyemwambia.

Kundi la damu nikalipima mara mbili.
Alfajiri Lijimol aliniletea chai, akaiweka, hakusema kitu.

Nami nimebaki na fomu mkononi,
natafuta pahala pa kuandika Mchanga.
Hakuna.