Vidole Vinne

Saa kumi na moja alfajiri nafungua geti la soko, Mwaloni.
Kufuli lina kutu, ila linaujua mkono wangu.
Dagaa wa Ukerewe wameshashuka, magunia thelathini na mawili,
na kabla jua halijagusa mawe ya Kapripointi
nimeshaamua kesi moja:
Nyanzobe anadai meza ya Mbuke imetembea usiku.
Natoa kamba yangu ya mafundo, napima.
Vidole vinne.
Msicheke. Hapa vidole vinne ni shamba la mtu.

Mwezi wa tatu alikuja afisa maendeleo,
binti mpole, viatu vyake vikanywa maji ya samaki.
Akasema: mkopo upo, hauna riba,
ni fungu kutoka mapato ya halmashauri.
Yaani ushuru wenu wenyewe ulikwenda mjini,
ukapanda ngazi, ukavaa tai,
sasa unarudi nyumbani ukiitwa msaada.
(Hakusema hivyo. Hayo ya mwisho ni yangu.)

Wawe watano, si wanne. Katiba, muhtasari, akaunti,
barua ya mtendaji, picha zenye ukuta wa bluu nyuma.
Tulikuwa na Mbuke wa dagaa, Nyanzobe wa nyanya,
Nabwire anayekaanga furu, Kabula wa mitumba.
Wa tano tulimtafuta kama sindano gizani
mpaka tukamfikia Ng'walu, muuza ndimu,
aliyeapa kutokopa tena
tangu kausha damu walipombebea kitanda
na godoro likiwa bado na joto lake.
Aliuliza swali moja tu:
Na hawa, huja na pikipiki usiku?

Katiba niliiandika mimi, kwa tochi ya simu.
Kwenye jina la kikundi walibishana siku mbili.
Tumaini lilishachukuliwa. Upendo, vivyo hivyo.
Mbuke akamtazama Nyanzobe, Nyanzobe akaitazama meza,
wakasema kwa pamoja: Vidole Vinne.
Afisa alisoma, akahesabu vichwa, akahesabu tena.
Mbona mko watano?
Nabwire alicheka hadi furu wakaungua.

Kisha tukasubiri.
Mfumo uko chini. Mfumo umepanda, mtu wa muhuri yuko semina.
Mvua ikaja, ikaondoka, mtaro ukaziba mara tatu,
nikauzibua mara tatu.

Pesa zilipoingia Mbuke alijenga chanja,
dagaa wake wakaacha kulala mchangani.
Nabwire akapata jiko la pili.
Nyanzobe makreti, Kabula robota zima, la daraja la kwanza.
Ng'walu alinunua kitanda.
Kwenye ripoti, safu ya matumizi, kalamu ilisimama.
Halafu nikaandika: vitendea kazi.
Anayetaka anishitaki.
Mtu asiyelala hawezi kuuza ndimu.

Siku ya wageni walitundika bango, wakapiga picha.
Fomu ile ilikuwa na mstari wa mwenyekiti,
wa mweka hazina, wa mdhamini, wa shahidi,
na duara la muhuri.
Wa katibu wa soko haukuwepo.
Sina kizimba, siuzi kitu, sikopesheki.
Wakati wa picha nilikuwa mtaroni,
suruali imekunjwa magotini,
nikisikia makofi kwa mbali kama mvua juu ya bati la jirani.

Kesho ni marejesho ya nne.
Ng'walu ameleta fungu lake mapema,
sarafu na noti laini ndani ya fundo la khanga, zote zanukia ndimu.
Nimehesabu. Nimerudia.
Mama, imezidi mia tano.
Haijazidi, amesema, akikung'uta khanga.
Hiyo ni ya kufuli.

Mia tano hainunui kufuli.
Nimeiandika daftarini hata hivyo,
ukurasa wake peke yake,
na chini yake nimeacha nafasi.