Somo la Kuanguka

Ratiba ilikuwa ukutani, imebandikwa kwa uji wa sembe:
Ijumaa, saa tano na nusu, Michezo.
Miaka mitatu tuliisoma hivyo,
na miaka mitatu, Ijumaa, saa tano na nusu,
tulibeba mawe ya msingi wa choo kipya,
au tulipalilia kahawa ya shule,
au Mwalimu Temba aliingia na sehemu zake za desimali
akafuta ubao kabla hatujafunga midomo.
Michezo, alisema, ni ya watu ambao vichwa vimeshashiba.

Kisha akaja Mwalimu Epimaki
na filimbi shingoni, na goti lenye kovu
refu kama kisu cha kumenyea ndizi.
Tulitazamia mpira.
Akatupeleka nyuma ya bwalo,
kwenye majani makavu ya migomba
aliyoyarundika mwenyewe tangu alfajiri,
akasema: Leo mtajifunza kuanguka.

Tulicheka. Nani wa Uru asiyejua kuanguka?
Mvua za masika zikianza, njia zetu ni sabuni.
Tumeanguka na ndoo, tumeanguka na mikungu.
Bibi yangu alianguka mferejini
akaamka na kiuno kama cha kuazima,
akatembea nacho hivyo hadi kaburini.

"Huko ni kuangushwa," alisema.
"Mimi nafundisha kuanguka."

Kidevu kifuani.
Bega, siyo kiganja.
Toa pumzi.
Usigombane na ardhi, ardhi haijawahi kushindwa.
Jiviringe, ili ukifika chini
uwe tayari umo njiani kuinuka.

Nilikuwa mnene. Waliniita Simtanki.
Kwenye mbio nilihesabiwa mwisho,
au hesabu iliishia kwa aliye mbele yangu.
Yeye hakutupanga kwa mwendo.
Alikuwa na kipande cha chaki tu,
na kila mtoto alikuwa na mstari wake
ukutani, pale kidole kilipogusa aliporuka,
na jina kando yake, kwa mwandiko mzuri
kama wa cheti cha ubatizo.
Mstari wangu ulipanda vidole viwili
kati ya Februari na Juni.
Vidole viwili! Nilikimbia nyumbani kumwambia mama.
Mama akanitazama kuanzia juu hadi chini,
akaniongezea mtori.

Hakuna medali katika habari hii.
Pelagia, aliyeruka kutuzidi sote,
anauza mitumba pale Memorial,
na ukimuuliza habari za ule ukuta
atakuonyesha kwa mkono, juu ya turubai, mpaka wapi.
Mimi nashona sare.
Lakini mwaka juzi, mwezi wa nne,
bodaboda ilinimwaga Kiboriloni
na bega langu likakumbuka kabla yangu.
Nilisimama nikiwa matope matupu.
Kijana wa pikipiki, aliyetanguliza kiganja,
alikaa mwezi na nusu na plasta ngumu.

Sasa juzi tumeitwa kikao cha wazazi.
Mwalimu mkuu ametandaza karatasi:
matokeo yameshuka, mtihani u karibu,
kile kipindi cha Ijumaa kigeuzwe majaribio.
Mikono ikaanza kupanda.
Binti yangu Gaudensia yuko darasa la sita
na hotuba mimi sijui.
Nikakaza kitenge. Nikasogeza benchi.
Nikaanguka.

Saruji, siyo majani ya migomba.
Kidevu, bega, pumzi,
nikasimama upande wa pili wa chumba
na kilemba changu kimebaki nilikotoka.

Kimya. Kisha baba mmoja, kwa upole:
"Mama, umeumia?"
"Hapana," nikasema. "Ndiyo hoja yangu."

Wamesema watalijadili.
Lakini nikishuka njia ya mkato
nilimwona katibu wa kikao kati ya migomba,
faili la muhtasari kalilaza juu ya jiwe,
anadhani yuko peke yake,
kidevu kifuani,
anapima pa kuangukia.