Waya wa Tatu

Alikuja asubuhi, bati la kibanda halijaanza kulia kwa joto,
Sechelela wa Pandambili, na kipande cha kitenge mkononi,
na ndani ya kitenge kipima unyevu cha kikundi chao,
cha kijivu, kizito,
kioo kimekwaruzika kama kisigino cha mbeba magunia.
"Mbukwa," akasema. "Hiki kimekata kauli tangu Pasaka."

Nikafungua mgongo. Betri imevimba
kama shavu la mwenye jino bovu.
Jina la kiwanda limefutika, imebaki
picha ya pipa la taka lililopigwa mkasi.
Kibaigwa nzima hakuna nyingine. Dodoma nilipiga simu, wakacheka.

Chini ya meza nina sanduku la maiti za simu.
Nikachagua betri ya kiswaswadu, bado ina pumzi:
mita ikasoma tatu nukta nane.
Fupi kwa kidole kimoja, nene kwa unene wa kucha.
Nikakwangua kuta za chumba kwa wembe,
pengo nikaliziba kwa boksi la dawa ya mbu
na utepe wa mpira wa baiskeli, isichezecheze.
Chanya kwa chanya. Hasi kwa hasi.
Hapo fundi hukosea mara moja tu.

Kioo kikawaka, kikazima.
Kikawaka,
kikazima.

"Kinataka nini tena?"
"Kuna mguu wa katikati. Kinauliza betri kama imepata joto.
Ile ya zamani ilikuwa inakijibu. Hii, upande huo, ni bubu."

Nikafukua redio ya marehemu jirani, nikang'oa rezista,
punje iliyozidi uwele kidogo tu,
mikanda yake kahawia, nyeusi, chungwa,
nikailehemu kati ya mguu ule na hasi.
Tone moja. Moshi ukanipita machoni.
Tangu hapo, jua likichoma au upepo wa Juni ukikata midomo,
kitajibiwa vilevile: shwari, shwari, hakuna joto.
Ni uongo, na nilimwambia ni uongo.
Nikamwambia asikianike pamoja na mahindi,
wala asikichaji akiwa amelala.

Ndahani dalali alikuwa ameegemea nguzo yangu.
Yeye hupima kwa gego: anauma punje, anatema,
anakata kilo mbili kila gunia.
"Cha kuazima hakisitiri," akasema.
"Betri ya simu itapima simu."

Sechelela akafungua pindo la khanga, akamimina kiganja cha mahindi.
Kifaa kikanguruma kidogo. Tarehe ikasoma mosi Januari
ya mwaka ambao mimi nilikuwa bado nanyonya.
"Acha," akasema, "mahindi hayasomi kalenda."

Kumi na sita nukta nne.

Sokoni mwisho ni kumi na tatu na nusu.
Ndahani alicheka mpaka akashika mbavu:
"Mama, umelipa elfu saba ujichongee!"
Yeye hakucheka. "Rudia."
Kumi na sita nukta tatu.
"Basi hakitanii," akasema polepole,
akaanza kuhesabu kwa vidole, si mimi aliyekuwa akizungumza naye:
jua la siku nne, turubai la kina Nyemo, mbuzi wafungwe,
watoto wageuze kila wakirudi shule.
Akanilipa noti zilizonuka moshi wa jikoni.
Ile iliyovimba nimeifukia kwenye kopo la mchanga, mbali na kibanda.

Ijumaa nilikuwa nabadilisha kioo cha simu ya mtu
nikasikia sauti yake kule kwenye mizani,
anasoma namba kama anayeita mwanafunzi darasani:
"Kumi na tatu nukta moja! Njoo utazame!"
Nikainua kichwa.
Ndahani alichukua punje, akauma,
akatafuna muda mrefu, macho kwenye kile kioo,
watu wote wakimngoja ateme.

Akameza.