Kifungu cha Sita

Mashindano yetu hayana kombe.
Mshindi hupewa soksi za sufu alizofuma mama yake Kaarel,
na jina lake huandikwa kwa chaki
chini ya duka la santuri, mjini Tartu,
ambako bomba la maji ya moto hugugumia msimu mzima.

Kila mtu huleta nyimbo za saa moja
alizozipanga mwenyewe, kama apangavyo wageni mezani:
nani akae na nani,
nani asiwekwe karibu na chupa.

Mimi ni katibu. Sheria niliziandika mimi.

Kwanza, wimbo uingie mzima.
Pili, ukimya wa mwanzoni na wa mwishoni waweza kupunguzwa
kama ukucha, usifike kwenye nyama.
Tatu, sauti yaweza kuzamishwa polepole,
sekunde kumi, si kumi na moja.
Nne, usiukimbize wimbo wala usiuburute:
aliyeimba alikuwa na pumzi zake.
Tano, makofi ya ukumbini, ruksa kuyakata.
Hatukuwepo.

Cha sita kilizaliwa na Jaagup.
Mwaka juzi alileta wimbo wa harusi yake
kaukata ubeti wa tatu,
na kwa ustadi! Hapakuwa na kovu,
ngoma ilipita juu ya pengo
kama mtu arukaye dimbwi asilowe.
Leida ndiye aliyegundua. Aliucheza harusini, viatu mkononi.
Tukamwuliza Jaagup.
Akasema, ubeti ule uliongopa.
Basi nikaandika: hairuhusiwi kuondoa chochote katikati,
hata kama ni uongo.

Sheria ni msumeno.
Meno nilitia mimi.

Mwaka huu, Februari, barafu hadi kwenye kope,
Urve akaleta saa yake moja
na sekunde tisa.
Kila sekunde inayozidi, pointi moja inakwenda.
Wimbo wake wa nane haukutoka kwenye santuri yoyote:
ni kaka yake, Ülo, jikoni kwao Võru,
kodiani kifuani, kinasa sauti juu ya friji.
Anapiga. Anaacha.
Kiti kinalia. Birika linaanza kuimba, mtu analiondoa.
Sekunde kumi na moja.
Kisha anarudi palepale, noti ileile,
kama mtu aliyeweka kidole kitabuni.

Nilimpigia simu usiku, jambo ambalo katibu hapaswi kufanya.
Nikamwambia, tukisema hizo ni nyimbo mbili,
kifungu cha pili kinakuruhusu.
Kata hapo. Utabaki na sekunde mbili za akiba.
Akanyamaza. Nikadhani anahesabu.
"Hapo," akasema,
"ndipo alipokuja kunifungulia mlango.
Birika niliondoa mimi."

Siku yenyewe, Kaarel alishika saa ya mbio.
Kaarel huyu hupima mayai yanapochemka,
hupima mahubiri, hupima taa nyekundu za barabarani
na kumwandikia meya.
Saa ya Urve ilipokwisha
bomba likagugumia, mtu akapenga kamasi,
Kaarel akatazama kiganja chake:
sifuri. Hakuwa amebonyeza.
Wala hakusema lini alisahau,
kama kweli alisahau.

Nami nina kisanduku cha kujaza, kalamu, na watu wananingoja.
Nikaandika sitini kamili.
Funika kombe. Nani hajawahi kuhariri?

Urve alikuwa wa nne.
Soksi zilikwenda na kijana wa Narva,
nyimbo zake zote za treni, na zilistahili,
ingawa zilimbana vidole.

Sasa natayarisha karatasi ya mwakani.
Cha saba sijakiandika.
Nimeacha mistari miwili mitupu baada ya cha sita,
na mpiga chapa amekwisha kuniuliza mara mbili
kama aiondoe.