Picha ya Kumi na Tisa

Ziwa likiganda halinyamazi.
Wageni hudhani barafu ni bubu.
Sisi wa Khuzhir twalisikia usiku, tukiwa vitandani,
likijinyoosha, likipiga mizinga mbali huko,
na mama hugeukia ubavu wa pili, akasema,
"Mgongo unamuuma."

Asubuhi ile ya Machi nilitoka na shemeji yangu Zorikto.
Betri mbili nilizifutika kwapani zisife kwa baridi,
ya tatu ilikuwa ndani ya kamera, ikikata roho.
Nilitaka mapovu,
yale meupe yaliyogandia njiani yakipanda,
moja juu ya jingine,
kama sahani za harusi zilizopangwa kabatini,
na chini yake weusi usio na sakafu.
Mwenye kalenda kule Irkutsk alikwisha kulipa nusu.
Nusu ile tulikwisha kuila.

Nikalala kifudifudi.
Lenzi nusura iguse barafu, pumzi yangu ikaitia ukungu,
nikaufuta kwa ncha ya skafu, nikahesabu:
kumi na tano. Kumi na sita.
Mwanga ulikuwa wa buluu,
wa aina inayotolewa mara moja kwa mwaka
na haina mkopo.
Hatua arobaini mbele yangu Zorikto alikuwa akitoboa
tundu la samaki kwa keekee, akigombana na mbwa.
Kumi na saba.
Mbwa akanyamaza.

Kumi na nane.

Ufa haukuja kama radi. Ningesema radi,
hadithi ingenoga zaidi.
Ulikuja kama muuza duka anayechana hariri
taratibu, baada ya kukubaliana bei:
mstari mmoja, kutoka kushoto,
wala hauna haraka nami,
na mimi nauona kwenye lenzi unavyokuja,
unavyonyooka, unavyopendeza.
Aibu yangu ni hii, na naiandika
kwa kuwa Zorikto hasomi mashairi:
nilibonyeza.

Kumi na tisa.

Kisha ukanipita chini ya kifua.
Kisha maji. Hayakuruka, yalichungulia tu,
yakaonja mkanda wangu, yakaonja sweta,
na kiwiliwili kikaanza kuagana na miguu.

"Usisimame! Dulma, usisimame! Biringika!"

Ufa wa nyumba huzibwa, ufa wa ziwa hupishwa;
jambo hilo tunafundishwa kabla ya kufunga vifungo.
Nami sikupisha, sikubiringika.
Nilikuwa natafuta kifuniko cha lenzi.
Hebu fikiri: plastiki, bei ya mikate miwili.
Hofu hushika kidogo
ili isitazame kikubwa.

Ubao ukateleza mpaka puani pangu.
Juu ya ubao, mkono wenye magamba ya samaki
ukanikamata ukosi kama paka anavyokamata mwanawe,
na barafu ikaguna chini yetu sote watatu,
mimi, yeye, na kamera niliyokataa kuiachia.

Garini hakusema kitu.
Alinimiminia chai ya chumvi na maziwa,
akanipiga kofia kisogoni, mara moja,
akaanza kulia kwa sauti ya injini isiyowaka.
Nyumbani suruali yangu ilisimama yenyewe kando ya jiko,
kama mgeni asiyejua akae wapi.

Wiki nzima sikuzifungua picha.
Nilipozifungua, niliikuza ya kumi na tisa
mpaka ikawa punje. Pembeni, juu kabisa,
palikuwa na doa.
Doa lenye miguu.
Doa lenye ubao begani.

Mimi nahesabu,
na yeye tayari anakimbia.

Mwenye kalenda ameichagua hiyohiyo, iko mwezi wa Novemba.
Watu huniuliza ule mstari niliuchora kwa kompyuta?
Doa alilikata.
Alisema linaharibu picha.