Sindano ya Tatu

Tuligeuza ndani nje, mama na mimi,
jinzi ya kaka Zaza,
bugaluu ya mwisho mtaani kwetu Kutaisi,
na upande wa ndani ulikuwa bado na rangi
ambayo nje ilikwisha kuisahau:
buluu ya wino mbichi.

Aliinunua kwa baharia mmoja wa Poti
kwa mshahara wa kiwandani, miezi miwili kasoro siku tano.
Mwaka ule miguu mipana ilisifiwa,
ilifagia majani makavu barabarani na mtu akaitwa bwana.
Mwaka huu hata watoto wa shule walimcheka.
Alitaka ibane.
"Ibane vipi?" mama akauliza.
"Kama bomba la jiko."

Chaki yetu ilikuwa kipande cha sabuni kavu.
Mama alimpandisha juu ya kigoda,
akabana kitambaa kwa pini, gotini hadi kifundoni,
na kwa kuwa pini nyingine nne alikuwa amezishika kwa midomo,
alisema naye kwa nyusi:
simama. Usipumue. Geuka.
Zaza akageuka. Pini ikamchoma shavu la mguu,
akaita kwa sauti jina la mtakatifu
ambaye miaka ile tulimnong'ona tu.

Jirani yetu Lamara alikuja kuazima chumvi
akasahau kuondoka.
"Kata hayo yanayozidi," alisema, "yatavimba ndani."
Mama akatikisa kichwa.
Mkasi, alisema, hauna msamaha.
Akayakunja, akayalaza kando ya mshono
kama mtu anayeficha pesa.

Sindano nene tulikuwa nazo tatu.
Ya kwanza ilivunjika palepale gotini,
penye kiraka cha zamani,
kitambaa kilipokutana tabaka nne, kigumu kama ukoko wa mkate.
Ya pili haikuvunjika. Ilipinda tu,
kwa adabu, ikakataa.
"Jinzi haibembelezwi," Lamara akasema, "leteni nyundo."
Tukaugonga mshono ulainike.
Huko chini mzee Akaki naye akagonga dari yake, kutujibu.

Mimi nikapewa gurudumu.
Kanyagio lina haraka, mama alisema, mkono una akili.
Tundu moja, pumzi moja.
Nikazungusha. Tundu. Pumzi. Tundu. Pumzi.
Sindano ya tatu iliingia kitambaani na mlio mdogo,
kama mtu anayetafuna karoti chumba cha pili.

Zaza aliivaa akiwa amelala chali sakafuni,
Lamara akivuta kiuno, mama akisukuma kisigino.
Tukamwinua kama ngazi.
Goti halikunjiki. Kuketi, hapana.
Alishuka ngazi upande upande kama kaa,
akaenda sherehe ya Mzia,
na huko, tulikuja kuambiwa,
alisimama saa nne nzima dirishani, sahani mkononi,
akionekana mtu mwenye mawazo mazito.
Mzia alimpendea hilo.

Akarudi saa saba usiku, akalala kama gogo,
suruali ikabaki imejiegemeza ukutani
kama inayosubiri mtu.
Mama hakuwasha taa kubwa.
Kwa wembe wa marehemu baba alifumua mshono wa nje,
uzi baada ya uzi,
akauvuta ule ukingo aliouficha,
akashona upya, upana wa kidole gumba zaidi,
kwa mkono, maana gurudumu lingemwamsha.
Nilimwona nikiwa chini ya blanketi.
Alijua namwona. Tukanyamaza wote wawili.

Asubuhi Zaza alivaa, akachuchumaa, akafunga kamba za viatu.
"Mnaona?" akasema. "Niliwaambia itazoea."

Mama akammiminia chai.
Kando ya mshono mpya, toka paja hadi pindo,
palibaki mstari wa matundu matupu,
madogo hivi kwamba ungelazimika kuwa umeyahesabu
ndipo uyaone.

Mimi nilikuwa nimeyahesabu.