Karani wa Bi Geddes

Ofisi ilikuwa juu ya duka la viatu, Dundee,
ngazi kumi na tisa, nami nazihesabu kwa goti.
Bi Rhona Geddes alitetea wapangaji.
Mjane Petrie alimlipa mayai sita;
tukayakaanga, tukayala juu ya jalada la kesi.

Kisha kura. Kisha gari jeusi la Edinburgh,
Waziri wa Nyumba.

Jana ililetwa hati ya kuwahamisha
watu wa mtaa ule ule.
Sahihi naijua: ile G yenye mkia
niliyokuwa nikiipuliza wino ukauke.

Simlaumu. Au namlaumu, sijui.

Nimepanda, goti likilia,
nikatoa jalada lenye doa la mafuta:
hoja zake zote zimo,
kwa mkono wake,
dhidi yake.

Nimezipiga chapa upya.
Mahakama hufunguliwa saa tatu.